Injini Yenye Moto Inapogoma Kuwaka

Gari dogo la familia lililoundwa katika miaka ya 1970 au 1980 linaweza kuondoka Dar es Salaam alfajiri bila dosari yoyote. Hupita Kibaha, Chalinze na Mikese, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 190 huwasili Msamvu, pale ambapo barabara kuu hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Dereva huzima injini, na abiria hushuka kunywa chai na kununua matunda. Baada ya dakika ishirini wote hurejea garini. Stata huzungusha injini kama kawaida, lakini injini haiwaki. Dereva hujaribu mara ya pili na ya tatu, mpaka betri inaanza kuchoka. Mara hujitokeza mtu mwenye chupa ya petroli, mwingine mwenye ndoo ya maji, na wa tatu mwenye hakika kwamba pampu imekufa. Saa moja baadaye, pengine bila mtu yeyote kurekebisha kitu, gari huwaka kana kwamba halikuwa na ugonjwa.

Tatizo hili linafahamika sana kwa mafundi. Wengi wao wana dawa zao, na baadhi ya dawa hizo husaidia. Hata hivyo, vipuri vingi vizima hutupwa na fedha nyingi hupotea kwa sababu mwenye gari hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Makala haya yanaeleza kwa nini injini iliyokubali kuwaka ikiwa baridi hukataa ikiwa na moto, na yanaonyesha jinsi kanuni chache za fizikia, ambazo hufundishwa katika shule za sekondari, zinavyotosha kutenganisha chanzo kimoja na kingine.

Mahitaji ya injini

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake. La kwanza ni mchanganyiko wa petroli na hewa ulio katika kadiri inayofaa. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huungua kikamilifu pamoja na sehemu 14.7 za hewa. Mchanganyiko wenye hewa pungufu sana, takriban sehemu 8 au chini yake, hauwaki. Na wenye hewa nyingi kupita kiasi, takriban sehemu 20 au zaidi, hauwaki pia. La pili ni cheche ya umeme yenye nguvu ya kutosha, itokee kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo: pistoni lazima iubane mchanganyiko ndani ya silinda iliyozibwa vizuri, huku injini ikizungushwa kwa mwendo wa kutosha.

Joto linaweza kuharibu lolote kati ya mambo haya matatu. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: je, ni mafuta, ni cheche, au ni mgandamizo? Kifaa kipi kimekufa ni swali la baadaye.

Joto linalopanda baada ya injini kuzimwa

Watu wengi hudhani kwamba injini huanza kupoa mara tu inapozimwa. Kwa chuma cha ndani kabisa jambo hilo ni kweli. Lakini kwa vifaa vilivyo chini ya boneti, kama vile kabureta, pampu ya mafuta na koili, hali ni kinyume: joto lao hupanda kwanza, na huanza kushuka baadaye.

Sababu yake ni rahisi. Gari linapotembea, upepo hupita kwenye rejeta na kuzunguka injini, feni huvuta hewa, na pampu ya maji huzungusha maji. Petroli yenyewe nayo ni kipozaji. Ili kioevu kigeuke mvuke ni lazima kipokee joto, na joto hilo hutolewa na vitu vinavyokizunguka. Kilogramu moja ya petroli huhitaji takriban kilojuli 350 ili igeuke mvuke. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, likienda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hutumia lita 6.4 kwa saa, yaani kilogramu kama 4.7, au gramu 1.3 kwa sekunde. Petroli hiyo inapogeuka mvuke hunyonya joto la wati zipatazo 460. Sehemu ya joto hilo hutoka katika kabureta na sehemu nyingine katika bomba la kuingizia mchanganyiko. Ndiyo maana kabureta ya injini inayofanya kazi huweza kuwa ya baridi hata siku ya jua kali.

Injini inapozimwa, mambo haya yote hukoma kwa pamoja. Upepo, feni na mzunguko wa maji husimama, na petroli haipiti tena. Lakini chuma kizito cha injini na bomba la ekzosi, ambalo lilikuwa na mamia ya nyuzi za joto, bado vina akiba kubwa ya joto. Joto hilo hupanda na kuenea kwa vifaa vilivyo jirani. Katika injini nyingi za magari madogo ya miaka hiyo, kabureta imekaa juu ya ekzosi, upande mmoja wa injini, kama sufuria juu ya jiko. Halijoto ya kabureta huendelea kupanda kwa muda wa dakika kumi mpaka nusu saa, kisha ndipo hushuka.

Muda huo ndio dalili kubwa ya ugonjwa huu. Gari lililozimwa kwa dakika mbili huwaka, kwa kuwa joto halijafika kwenye kabureta. Lililozimwa kwa saa moja na nusu huwaka pia, kwa kuwa joto limekwisha kuondoka. Linalogoma ni lile lililozimwa kwa muda wa kati, ambao kwa bahati mbaya ndio muda wa kunywa chai Msamvu.

Petroli huchemka lini?

Maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi katika usawa wa bahari. Petroli haina kiwango kimoja cha mchemko kwa sababu si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi za hidrojeni na kaboni. Zile nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na zile nzito hazimaliziki mpaka zaidi ya nyuzi 200. Wepesi huo wa kugeuka mvuke umewekwa kwa makusudi, kwani bila sehemu nyepesi injini isingewaka asubuhi ikiwa baridi. Lakini sehemu hizo hizo ndizo zinazochemka ndani ya bomba wakati injini ina moto.

Ikumbukwe kwamba kioevu huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo inayokikandamiza. Kwa hiyo mchemko hutegemea halijoto pamoja na kanieneo, na jambo hili lina matokeo mawili.

Kwanza, kimo cha mahali. Msamvu iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa asilimia kama 6 kuliko Dar es Salaam. Iringa mjini, kwenye mita 1,600 hivi, upungufu hukaribia asilimia 18. Kwa hiyo gari linalotoka pwani na kuupanda mlima Kitonga hupata mambo mawili kwa pamoja: injini hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo wenye upepo haba, na petroli huchemka kwa halijoto ndogo zaidi. Hali kadhalika gari linaloipanda Uluguru kwa gia ndogo kuelekea Mgeta.

Pili, mahali pampu ilipo. Katika magari mengi ya zamani pampu ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini na huendeshwa na kamshafti. Pampu hii huvuta petroli kutoka tangi lililo nyuma ya gari. Kuvuta maana yake ni kupunguza kanieneo ndani ya bomba. Basi petroli iliyo njiani kati ya tangi na pampu iko chini ya kanieneo ndogo kuliko ile ya hewa ya nje, na bomba lake hupita karibu na injini yenye joto. Hapo ndipo mchemko huanza kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Magonjwa mawili yenye dalili moja

Petroli inayochemka huweza kuleta magonjwa mawili yaliyo kinyume kabisa, ingawa dereva huona dalili ileile: injini inazunguka lakini haiwaki.

Ugonjwa wa kwanza ni kizuizi cha mvuke. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya bomba au pampu, ujazo wake huongezeka kama mara mia mbili. Pampu ya aina hii hufanya kazi kwa kiwambo kinachopanda na kushuka. Kioevu hakibanwi, hivyo kiwambo kikisukuma kioevu hulazimika kusonga mbele. Mvuke hubanwa. Kiwambo kinaposukuma, puto la mvuke hujikunja tu, na kinapovuta hujikunjua, hakuna kinachosogea. Pampu ni nzima, tangi lina mafuta, lakini kabureta ni kavu. Injini imenyimwa mafuta.

Ugonjwa wa pili ni kufurika. Kabureta ina kibakuli kidogo chenye boya, ambacho hutunza kiasi kidogo cha petroli. Petroli hiyo ikichemka baada ya injini kuzimwa, mapovu huisukuma petroli juu kupitia matundu yake, nayo hudondoka ndani ya bomba la kuingizia mchanganyiko. Aidha, kanieneo katika bomba la kutoka kwenye pampu huweza kupanda hata ikaishinda sindano ya boya na kuongeza petroli zaidi. Dereva anapozungusha stata, silinda hupokea mvuke mzito wenye hewa haba mno, na plagi hulowa. Injini imezidishiwa mafuta.

Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Dereva mwenye injini iliyofurika, akivuta choki au kukanyaga pedali ya mafuta mara kwa mara, huongeza petroli palipojaa petroli, kwa kuwa kila mkanyago huifanya kabureta imwage mafuta ndani. Anachopaswa kufanya ni kukanyaga pedali mpaka chini, kuishikilia hapohapo bila kuiachia, na kuzungusha stata kwa sekunde kama kumi. Mlango wa hewa hufunguka wote, hewa nyingi huingia, na petroli ya ziada huondoka. Injini iliyonyimwa mafuta, kwa upande wake, haisaidiwi na hewa. Huhitaji bomba na pampu vipoe.

Umeme nao huathiriwa na joto

Si kila injini inayogoma ikiwa na moto ina tatizo la petroli. Koili ya kuwashia imetengenezwa kwa nyaya za shaba, na ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Chukua mfano wa koili ambayo ukinzani wa waya wake wa kwanza ni omu 3 katika nyuzi 25. Betri ya volti 12 hupitisha mkondo wa ampea 4. Koili hiyo ikifika nyuzi 95, ongezeko ni nyuzi 70, na ukinzani huwa omu 3.82. Mkondo hushuka hadi ampea 3.14. Nishati inayohifadhiwa katika koili hufuata mraba wa mkondo. Kwa hiyo nishati ya cheche hubaki asilimia 62 tu ya ile ya awali. Sasa ongeza jambo la pili: stata inapozunguka hula mkondo mkubwa, na volti za betri hushuka, tuseme hadi 10. Mkondo wa koili huwa ampea 2.62, na nishati hubaki asilimia 43. Koili nzima huvumilia hali hiyo. Koili ambayo utando wa kuhami nyaya zake umechakaa haivumilii, na cheche hupotea kabisa mpaka ipoe.

Kondensa iliyo katika distributa ina tabia kama hiyo. Ikiwa karatasi yake ya kuhami imezeeka, hupitisha umeme isipopaswa pindi inapopata joto. Pointi huungua na cheche huwa dhaifu. Kifaa hiki ni cha bei ndogo, na mara nyingi husahauliwa wakati pampu na kabureta vikilaumiwa.

Stata na valvu

Dalili nyingine ni injini kuzunguka kwa uzito ikiwa na moto, au stata kutoa mlio mmoja na kunyamaza. Hapo tatizo si petroli wala cheche. Stata nayo ina nyaya za shaba, na kwa kawaida imefungwa karibu na ekzosi. Joto huongeza ukinzani wake, na kama kebo ya betri ina kutu kwenye vichwa au waya wa ardhi umelegea, volti chache zilizosalia hazitoshi. Ni kawaida kwa mwenye gari kununua betri mpya wakati ambapo kusugua vichwa vya kebo kungetosha.

Mwisho ni valvu. Chuma hutanuka kwa joto, na ndiyo sababu fundi huacha nafasi ndogo, ya sehemu chache za kumi za milimita, kati ya valvu na kifaa kinachoisukuma. Nafasi hiyo ikiwa ndogo kupita kiasi, valvu iliyotanuka haifungi kabisa. Injini baridi hubana vizuri, injini yenye moto huvuja. Huu ni ugonjwa unaokuja polepole, na huambatana na upungufu wa nguvu mlimani.

Utaratibu wa uchunguzi

Uchunguzi mzuri hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na huandika matokeo. Fundi anayepoza pampu, kubadilisha plagi na kusugua pointi kwa mara moja huenda akaliwasha gari, lakini hatajua kilichokuwa kibaya, na wiki ijayo gari litagoma tena. Uchunguzi lazima pia ufanywe wakati ugonjwa upo. Gari lililopelekwa gereji likiwa baridi litaonekana zima. Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Sikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, anza na betri, kebo na waya wa ardhi. Ikizunguka kama kawaida, endelea na hatua ya pili.

2. Pima cheche kabla ya kufungua chochote cha mafuta. Tumia kifaa maalumu cha kupimia cheche kinachobanwa kwenye bodi ya injini, mbali na kabureta. Cheche ya buluu inayosikika ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano, au kukosekana kwa cheche, huelekeza kwenye koili, kondensa au pointi. Kama kuna harufu kali ya petroli, kipimo hiki kisifanywe mpaka mvuke uishe.

3. Tazama kiwango cha petroli katika kabureta. Kabureta nyingi za magari ya Kijapani, kama zile za Toyota Corolla na Datsun za miaka ya 1970, zina kioo kidogo ubavuni kinachoonyesha kiwango hicho. Kibakuli kikiwa kitupu, ni kizuizi cha mvuke au pampu dhaifu.

4. Fungua plagi moja injini ikishapoa kiasi cha kushikika. Plagi iliyolowa na kunuka petroli ni dalili ya kufurika. Plagi kavu ni dalili ya kunyimwa mafuta.

5. Kama dalili ni za kunyimwa mafuta, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba linaloingia ndani yake, usubiri dakika tano, kisha ujaribu. Gari likiwaka, chanzo kimepatikana. Lisipowaka hata baada ya injini yote kupoa, basi joto halihusiki, na pampu ichunguzwe kama pampu.

Jambo la kitambaa si uganga. Kilogramu moja ya maji inayokauka katika joto la kawaida huondoa takriban kilojuli 2,400, karibu mara saba ya petroli. Kitambaa chenye unyevu, kwa hiyo, ni kipozaji chenye nguvu. Kumwaga ndoo ya maji juu ya injini ni jambo jingine kabisa. Chuma cha kutupwa chenye moto kikipozwa ghafla upande mmoja hujikunja bila ulinganifu na huweza kupasuka, na maji yakiingia katika distributa huongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kuzuia badala ya kutibu

Chanzo kikishajulikana, tiba huwa wazi. Bomba la petroli lisogezwe mbali na ekzosi. Kati ya kabureta na injini pana gasketi nene isiyopitisha joto. Nyingi huvunjika na kubadilishwa kwa karatasi nyembamba, na kosa hilo peke yake hutosha kuleta kufurika. Bati la kukinga joto, ambalo mara nyingi hung'olewa na kutupwa kwa kuonekana halina kazi, lirudishwe. Mfumo wa maji uwe kamili pamoja na kifuniko cha rejeta na themostati yake. Muda wa cheche urekebishwe, kwa maana cheche inayochelewa hupeleka joto zaidi katika ekzosi. Kwa gari lenye ugonjwa sugu, pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi husukuma petroli badala ya kuivuta; kanieneo katika bomba hupanda, na mchemko huwa mgumu. Pampu hiyo lazima iwe na swichi inayoizima injini inaposimama, ili isiendelee kumwaga petroli gari linapopata ajali.

Zipo pia desturi zisizo na gharama. Baada ya kupanda mlima, injini iachwe izunguke polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili maji na petroli viendelee kuondoa joto. Gari liegeshwe kivulini, likielekea upepo, na boneti ifunguliwe.

Aina ya petroli nayo ina sehemu yake. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli katika petroli tangu mwaka 1982. Ethanoli yenyewe huchemka kwa nyuzi 78, lakini ikichanganywa kidogo na petroli huongeza kanieneo ya mvuke wa mchanganyiko wote. Magari ya kisasa hayasumbuliwi na jambo hili, kwa kuwa petroli yao husukumwa kutoka ndani ya tangi kwa kanieneo iliyo mara kadhaa ya ile ya hewa.

Hata hivyo magari yenye injekta, ambayo sasa mengi yana umri wa miaka thelathini, yana magonjwa yake. Injekta inayovuja hufurisha injini baada ya kuzimwa. Valvu ya kuzuia petroli isirudi tangini ikichakaa, kanieneo hupotea na petroli iliyo kwenye bomba la injini huchemka. Kipima joto cha maji kikiharibika, kompyuta ya gari hudhani injini ni baridi na kuipa petroli nyingi mno. Vifaa ni vipya, lakini maswali ni yaleyale: imenyimwa, imezidishiwa, au haina cheche?

Mvuke usiosamehe

Dawa moja ya barabarani haina budi kukataliwa kabisa, nayo ni kumimina petroli kutoka chupa ndani ya mdomo wa kabureta huku mtu mwingine akizungusha stata. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupai, bali hutambaa chini na kujikusanya kwenye mabonde, mitaro na chini ya gari. Hewa yenye mvuke wa asilimia 1.4 tu tayari huweza kulipuka. Injini yenye moto ambayo valvu yake haijafunga huweza kutema mwali kupitia kabureta, na chupa iliyo mkononi ikawa bomu.

Wakazi wa Morogoro hawahitaji mfano wa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka katika eneo hilohilo la Msamvu. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kioevu walikiona, mvuke uliokuwa umewazunguka hawakuuona. Kila mwanafunzi anayejifunza juu ya mvukizo na uzani wa gesi anapaswa kujua kwamba hayo si maneno ya mtihani peke yake.

Jaribio la darasani

Mchemko katika kanieneo ndogo huweza kuonyeshwa bila petroli, ambayo kamwe isitumiwe darasani kwa jambo hili. Mwalimu achemshe maji ili hewa iliyoyeyuka itoke, kisha ayaache yapoe mpaka nyuzi 70. Bomba la sindano kubwa, lisilo na sindano, livute maji hayo mpaka robo, na hewa yote iliyobaki isukumwe nje. Mdomo wake uzibwe kwa kizibo cha mpira, na mpini uvutwe kwa nguvu. Maji yataanza kutoa mapovu, ingawa hakuna moto. Katika nyuzi 70 maji huchemka kanieneo ikishuka chini ya theluthi moja ya ile ya kawaida. Mpini ukiachiwa, mapovu hutoweka. Jaribio lirudiwe kwa maji ya nyuzi 50 na 30, na wanafunzi waandike ni wakati gani mapovu huonekana kwa urahisi. Maji ya moto huunguza. Kwa hiyo mwalimu mwenyewe ndiye afanye sehemu ya kwanza.

Wanafunzi wakishaona mapovu hayo, waulizwe maswali matatu. Bomba la sindano linafanana na sehemu gani ya gari? Kwa nini pampu iliyo tangini ni bora kuliko iliyo kwenye injini? Na kwa nini gari lililogoma Msamvu saa nne asubuhi lilikubali saa tano, ingawa jua lilikuwa limezidi kuwa kali? Atakayejibu swali la tatu kwa ukamilifu, akitofautisha joto la hewa na joto lililobaki katika chuma, ataweza kumsaidia fundi yeyote wa barabarani bila kushika spana.